Magitaa manne nyumbani, mwayazungushaje?

Nyuzi_Tudor
Assalam alaikum wadau. Nina magitaa manne, mawili makavu (yasiyo ya umeme) ya nyuzi za chuma, moja la nailoni na moja la umeme. Shida kila siku mkono waenda kwa lile lile moja, mengine yananing'inia ukutani mpaka nikiyakumbuka nyuzi zishafanya kutu. Juzi nimeshusha lile kavu la zamani nyuzi zimekaa juu, kushika kodi ya F kidole chauma, na daraja (kile kibao cha kifuani kinachoshika nyuzi) limeanza kubanduka kwa nyuma, karatasi yapenya kabisa. Limeniuma sana, nililinunua na mshahara wangu wa kwanza. Nyinyi mwafanyaje? Ama niuze mawili?

Baba_Likoni
Usiuze ndugu yangu. Hilo la daraja legeza nyuzi leo leo, usingoje kesho, zile nyuzi sita za chuma kwa pamoja zavuta zaidi ya kilo 70 na gundi ishaanza kuachia. Kisha mpelekee fundi alibandike na vibano.

Hayo mengine toa ukutani, nyumba za huku karibu na maji ukuta wenyewe wapumua chumvi. Gitaa kavu lataka unyevu wa asilimia 45 mpaka 55 hivi, mimi nina kipima unyevu chumbani na masika hii chasoma zaidi ya 80, mbao yavimba, kifua (ubao wa mbele) chapanda na nyuzi zapanda nacho. Mimi huacha moja tu nje kwa wiki, mengine kwenye kesi na vile vipakiti vya silika vya boksi za viatu (vibadilishe, vikishajaa maji havina kazi tena). Ijumaa baada ya Isha nabadilisha zamu, nalipangusa la wiki na kitambaa kikavu cha pamba, nakipitisha mpaka chini ya nyuzi, jasho likilala hapo asubuhi waona madoa.

dada_wa_besi
Na kila moja lipe kazi yake. Langu moja uzi mnene umeshushwa toka noti ya E mpaka D, siligusi, nikitaka sauti ile lazima nilitoe. La nailoni ni la chakacha tu. Hapo huhitaji hata kalenda.

Nyuzi_Tudor
Shukran sana. La nailoni si halina kutu lakini?

Baba_Likoni
Zile tatu nyembamba hazina. Tatu nene zimeviringishwa waya juu, hizo zapoteza rangi na sauti yafa, pangusa vile vile.

Nyuzi_Tudor
Sawa babangu. La zamani nishalilegeza, liko mezani, fundi yuaja Jumamosi. La nailoni nimelitoa, ndilo la wiki hii.