Kwotabeki wetu anayumba: kocha abadilishe nini katika kuchagua mashambulizi?

BabaMpokeaji

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya wale wanaoifuatilia futiboli ya Kimarekani kwa undani, kwa sababu huku nilipo sina wengi wa kuwauliza jambo hili kwa Kiswahili. Ninaishi Minnesota. Mwanangu anacheza nafasi ya mpokeaji katika timu ya shule ya sekondari, nami hujitolea kukata video za mechi kwa ajili ya makocha. Kwotabeki wetu, yaani mrushaji wa pasi anayeongoza mashambulizi, ana miaka 16, ana mkono mzuri na si mwoga, lakini tangu msimu uanze anazidi kudidimia. Katika mechi tatu zilizopita ameangushwa na mpira mkononi mara 12, na pasi zake 5 zimenaswa na wapinzani.

Jumapili nilikaa nikazipitia video moja moja. Mpira ukishaanzishwa, kijana hutazama kushoto, hurudi katikati, hutazama kulia, kisha miguu huanza kuchezacheza papo hapo kama mtu aliyekanyaga siafu, na kufikia hapo mlinzi wa wapinzani ameshamkamata kiuno. Wapokeaji wetu hutumwa mbali, mara nyingi yadi 15 au zaidi. Isitoshe, katika yale majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, karibu kila jaribio la kwanza tunakimbiza mpira katikati, tunapata yadi moja au mbili, na jaribio la tatu linatukuta tukihitaji yadi 8 au 9, hali ambayo hata mama anayeuza soda kule nyuma ya jukwaa anajua kwamba tutarusha.

Kocha wa mashambulizi ni muungwana na ameniruhusu nimpelekee maoni, ila yeye anaamini dawa ni kijana kuzidisha mazoezi ya kusoma ulinzi. Ninachouliza ni hiki: katikati ya msimu, mtu hubadilisha nini katika uchaguzi wa mashambulizi, yaani kuamua timu icheze vipi kila mpira unapoanzishwa, ili kumsaidia kijana wa namna hii, bila kuigeuza timu kuwa ya pasi za yadi mbili mbili tu?

Mwalimu_Ubao

Ndugu BabaMpokeaji, umeeleza vizuri kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani ya swali lako. Kijana anayetazama kushoto, katikati na kulia anaulizwa maswali matatu ndani ya sekunde mbili na nusu. Kocha wako anataka ayajibu upesi zaidi. Mimi ningemwomba kocha ayapunguze maswali yenyewe, kwa sababu kusoma ulinzi ni elimu ya miaka, nanyi mna mechi Ijumaa.

Kwanza, mpeni nusu ya uwanja tu. Wapokeaji wawili wawe upande mmoja, mmoja akimbie yadi 12 na mwingine asimame kwenye yadi 5, na kwotabeki amtazame mlinzi mmoja tu aliye kati yao. Mlinzi huyo akirudi nyuma kumfuata wa mbali, mpira unakwenda kwa wa karibu. Akipanda mbele, unapita juu ya kichwa chake. Hilo ni swali moja lenye majibu mawili, na kijana wa miaka 16 analiweza.

Pili, mtoeni pale katikati. Katika futiboli ya sekondari, alama zinazoonyesha mahali pa kuwekea mpira zinaugawa upana wa uwanja katika sehemu tatu zilizo sawa, tofauti na ligi ya kulipwa ya NFL ambako alama hizo zimekaribiana sana katikati. Maana yake ni kwamba mpira ukiwa kwenye alama ya kushoto, upande wa kulia una zaidi ya yadi 35 za nafasi. Akimbie kuelekea huko mara mpira unapoanzishwa, wapokeaji wakielekea upande uleule, naye ataona kila kitu mbele ya macho yake. Asipoona mtu, akimbie mwenyewe au autupe mpira nje. Tangu 2022 kanuni za sekondari zinamruhusu mrushaji aliyekwisha kutoka nje ya eneo la wakingaji, wale wa mbele wanaomkinga, kuutupa mpira bila adhabu, mradi ufike kwenye mstari wa kuanzia. Makocha wengine bado hawajawazoesha vijana wao jambo hili, na ni hasara ya bure.

Tatu, na hapa ndipo ningebishana na kocha wako, rusheni katika jaribio la kwanza. Wapinzani wanaojua kwamba mtakimbiza mpira katikati wanawasogeza walinzi wao wa safu ya pili mbele, na hao ndio wanaoiacha wazi nafasi iliyo nyuma yao. Kwotabeki ajifanye anamkabidhi mkimbiaji mpira, amwachie mkono mtupu, kisha arushe yadi 8 hapo hapo katikati. Ni pasi ileile ambayo katika jaribio la tatu inanaswa, ila sasa walinzi wametazama kwingine.

Na usikubali kuambiwa kwamba kulainisha mashambulizi ni kumdekeza mtoto. Mwaka 1970 timu ya Cincinnati Bengals ilimkosa kwotabeki wake Greg Cook, aliyekuwa na mkono wa ajabu, kwa sababu ya jeraha la bega. Aliyeshika nafasi yake ni Virgil Carter, mtu mwepesi wa akili na sahihi wa pasi, lakini asiyeweza kurusha mbali. Bill Walsh, wakati huo kocha msaidizi chini ya Paul Brown, aliwapangia pasi fupi zilizopimwa hatua kwa hatua, zinazotanuka kwa upana wa uwanja. Bengals walianza kwa kushinda mechi moja kati ya saba, kisha wakashinda saba mfululizo na kutwaa kundi lao. Mbinu ambazo Walsh alikuja kuchukulia ubingwa akiwa na San Francisco zilianzia kwenye udhaifu wa mkono wa mtu mmoja.

DadaWaChicago

Mwalimu amesema kweli, nami naongeza ushahidi kutoka mji ambao umeteseka na makwotabeki kuliko miji mingi.

Septemba 2021, kwotabeki Justin Fields alianza mechi yake ya kwanza akiwa na Chicago Bears, ugenini kwa Cleveland. Aliangushwa mara 9, alikamilisha pasi 6 kati ya 20, na ukitoa yadi zilizopotea kwa kuangushwa, pasi za timu nzima zilizaa yadi moja. Moja, wakuu. Nilikuwa nimepika pilau nikaalika watu, na hadi robo ya tatu kila mmoja alikuwa anatazama sahani yake. Kilichoniuma si kijana kushindwa, kwa sababu mwanagenzi hushindwa. Kilichoniuma ni kumwona akisimamishwa peke yake nyuma kabisa, wapokeaji wakitumwa mbali, na wakingaji wakizidiwa kila mara, huku mpango ukibaki uleule hadi mwisho.

Juma lililofuata kocha mkuu Matt Nagy, aliyekuwa akichagua mashambulizi mwenyewe, alimkabidhi Bill Lazor kazi hiyo. Fields akawa anasimama mara nyingi zaidi karibu na mkingaji wa katikati, mpira ukakimbizwa kwanza, na zile pasi za kujifanya kumkabidhi mkimbiaji zikaonekana. Akakamilisha pasi 11 kati ya 17 kwa yadi 209, Bears wakawafunga Detroit 24 kwa 14. Kijana alikuwa yuleyule, zimepita siku saba tu.

Lakini mniruhusu niweke tahadhari. Novemba 2024 hadithi ilijirudia kwa kwotabeki Caleb Williams, aliyekuwa amechaguliwa wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya wa NFL mwaka huo. Aliangushwa mara 9 na New England nyumbani, tukafungwa 19 kwa 3, na kocha wa mashambulizi Shane Waldron akafukuzwa siku mbili baadaye. Thomas Brown alipochukua kazi, mpira ulianza kutoka mkononi upesi, na dhidi ya Green Bay Williams alikamilisha pasi 23 kati ya 31. Tulipoteza kwa pointi moja, 20 kwa 19, baada ya mkwaju wetu wa mwisho kuzuiwa. Hata hivyo, msimu ulipokwisha Williams alikuwa ameangushwa mara 68. Mpangaji mpya alimpa nafuu, ila wakingaji walibaki walewale na tabia ya kukaa na mpira haikumwisha. Kwa hiyo, kaka, mwambie kocha wako kwamba mko sahihi wote wawili, ila zamu yako ndiyo ianze.

MkingajiMstaafu

Nilicheza mstari wa mbele nilipokuwa chuoni, kwa hiyo mtanisamehe nikitazama mambo kutokea chini. Kabla hujampelekea kocha pendekezo lolote, zirudie zile video 12 ukiwa na saa. Hesabu tangu mpira unapoanzishwa hadi mkono wa kwanza wa mpinzani unapomgusa kijana. Zile ambazo aliguswa kabla ya sekunde mbili na nusu, kosa si lake, na hakuna pasi itakayozitibu isipokuwa kumbakiza mkimbiaji nyuma akinge, au kumweka taitiendi, yule wa pembeni mwa wakingaji anayekinga na kupokea pasi, upande unaovuja. Zile zilizozidi sekunde tatu ni zake, na hizo ndizo Mwalimu anazozungumzia. Bila hesabu hiyo utakuwa unampa mgonjwa wa tumbo dawa ya macho.

La pili linahusu hofu yako ya pasi za yadi mbili mbili. Ni hofu ya haki. Los Angeles Rams walimpata kwotabeki Jared Goff mwaka 2016, akaanza mechi 7 na kupoteza zote. Mwaka 2017 akaja kocha Sean McVay, na Goff akarusha pasi 28 za tachidauni, yaani za kufunga, huku 7 tu zikinaswa, na timu iliyofunga pointi 224 mwaka uliotangulia ikafunga 478, nyingi kuliko timu yoyote ya ligi. Ukizitazama pasi zile hazikuwa fupi. McVay alikusanya wapokeaji karibu na mstari, akaifanya mikimbio na pasi zianze kwa sura moja, na akaiwahisha timu kwenye mstari ili aendelee kuongea na Goff kupitia kofia kabla redio haijakatwa, sekunde 15 zikiwa zimebaki kwenye saa ya kuanzisha mpira. Kijana alipewa picha ya ulinzi kabla mpira haujatikisika.

Ninyi hamna redio, lakini mnayo kadi ya mkononi yenye orodha ya mashambulizi, na macho ya kocha. Mpokeaji mmoja ahame kutoka upande mmoja kwenda wa pili kabla ya mpira kuanzishwa. Mlinzi akimfuata, mnakabwa mtu kwa mtu. Asipomfuata, mnakabwa kwa eneo. Hata mzazi jukwaani ataliona hilo.

Ila msizoee. Februari 2019, kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, New England waliacha mazoea yao ya kukaba mtu kwa mtu, wakatumia zaidi ukabaji wa eneo na kujaza watu sita mbele, na mashambulizi yaleyale ya Rams yakazaa pointi 3 tu. Msaada wowote mnaompa kijana, wapinzani nao wana video.

BabaMpokeaji

Nawashukuru sana, mwalimu, dada na mzee wangu. Nimeifanya hesabu ya saa usiku wa jana. Kati ya zile 12, nne alikamatwa kabla ya sekunde mbili na nusu, na zote nne zilitoka upande wa kulia, kwa mkingaji mmoja ambaye ni mdogo wa umri. Saba zilizidi sekunde tatu, na moja ilianguka katikati. Nilimpelekea kocha karatasi yenye muda wa kila moja, nikaacha maneno mengi nyumbani.

Amekubali kumweka taitiendi upande ule wa kulia, na amekubali kijana akimbie kuelekea upande mpana na kurusha akiwa huko. Jumanne walilifanyia mazoezi mara nyingi hadi giza likaingia, na mara ya kwanza alipoutupa mpira nje kwa makusudi wenzake walimshangilia kama aliyefunga. Kurusha katika jaribio la kwanza bado amekataa. Anasema mvua inatarajiwa Ijumaa na mkimbiaji wetu ana mguu mzuri kwenye tope. Je, mwalimu, kwenye mvua ungemsisitizia?

Mwalimu_Ubao

Nisingemsisitizia kurusha, ningeomba kile kitendo cha mkono mtupu tu. Jaribio la kwanza likimbizwe kama apendavyo, lakini kila baada ya kumkabidhi mkimbiaji mpira, kwotabeki aendelee kukimbilia upande mpana kana kwamba anao. Mpinzani mmoja atalazimika kubaki nje akimwangalia. Robo ya tatu, mlinzi huyo akishachoka na kuacha kumfuata, kocha mwenyewe ndiye atakayeitaka hiyo pasi.