Tennyson kwa mizani ya utenzi: mbona haikai?

Mghani_Majengo (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha ushairi kinatafsiri sehemu ya 7 ya In Memoriam, shairi refu la Kiingereza la Alfred Tennyson la kumlilia rafiki yake Arthur Hallam. Tulisikia kila mshororo una silabi 8, tukajua ni utenzi huo. Lakini kwenye kuhesabu mishororo ya Kiingereza wengine wanapata 8, wengine 11, na ubeti wetu ukighanwa hautoi mdundo wake. Tatizo liko wapi?

Nyumba giza, nasimama
kwenye mtaa mkavu;
moyo ulidunda nguvu
kungoja mkono mwema.

Kijenge_Juu
Wanaopata 11 wanatamka Kiingereza kwa vokali zetu. Street ni silabi moja, siyo si-ti-ri-ti. Breaks moja, drizzling mbili.

Hata hivyo, 8 yake si 8 yenu. Tennyson anapanga mikazo 4, kwa kawaida kwenye silabi ya 2, 4, 6 na 8, hivyo mshororo unafungwa kwa mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika mizani 8 (yaani silabi 8) mkazo wa mwisho unaangukia ya 7. Mkitaka uangukie ya 8, andikeni mizani 9, ila mghani atahangaika kupata mahadhi. Ningebaki na 8, mdundo wake niuache, vina nivishike.

Isipokuwa mshororo wa mwisho wa sehemu hiyo: On the bald street breaks the blank day. Silabi 8, lakini mikazo 5 (ya 3, 4, 5, 7, 8). Pale ulimi unakwama makusudi. Msiulainishe.

BintiKaratasi
Vina mmepatia: ma-vu-vu-ma, kama miisho ya Tennyson: stand, street, beat, hand. Utenzi ungewalazimisha a-a-a-b (mishororo mitatu kina kimoja, wa nne kingine), na hiyo b ingeendelea kufunga kila ubeti hadi mwisho.

"Mkavu" kibadilisheni, maana ubeti wa tatu kuna manyunyu, mtachekwa. Kubwa zaidi, milango (Doors) inayofungua mshororo wa tatu wa Tennyson imepotea kwenu! Nyumba ile ni ya kina Hallam, Wimpole Street, London. Arthur Hallam alifariki Vienna Septemba 1833 akiwa na miaka 22. Sehemu ya 119 inamrudisha mshairi palepale, na mshororo wake wa kwanza ni uleule wa milango na moyo kudunda, safari hii bila kilio. Kwa hiyo tafsirini 7 na 119 pamoja, na mshororo wa milango uwe unaoweza kukaa kote kuwili, hata ikibidi kina cha vu kife.

Mghani_Majengo (Moshi)
Asante, dada. Sehemu ziko 131, je, za katikati tunaweza kuruka?

BintiKaratasi
Rukeni. Alizitunga kwa takriban miaka 17, wala si kwa mfuatano huo, akazipanga baadaye. Kitabu kikatoka 1850 bila jina lake. Ila bakizeni Krismasi tatu, sehemu ya 28, 78 na 104. Bila hizo msikilizaji hatajua kuwa miaka imepita kati ya 7 na 119.