Tupeane uzoefu: Unaendeshaje mchezo wa dadu na hadithi bila kununua vifaa?

Mla Sato (mwanzisha uzi)
Wakuu, mwadila. Uzi huu ni wa sisi tunaocheza ile michezo ya mezani ya kuigiza wahusika: mmoja anasimulia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, dadu inaamua kama wamefaulu. Mimi niko Kirumba, Mwanza. Seti kamili ya dadu sijawahi kuikuta duka lolote hapa mjini, na kuagiza nje gharama ya kusafirisha inauma kuliko mzigo wenyewe. Kwa hiyo leteni mlivyotengeneza kwa mkono na mlivyopata bure kihalali. PDF za wizi msilete, za halali zipo tele.

Naanza na dadu ya pande 20. Chukua karata za kawaida, toa zile 12 zenye picha, zinabaki 40. Nyekundu isome ilivyo, A ikiwa 1. Nyeusi ongeza 10. Kila namba kuanzia 1 hadi 20 ina karata mbili, hakuna anayependelewa. Ila kila ukivuta, rudisha na uchange upya, maana kijiwe chetu kina watu wanaohesabu karata zilizotoka kama wanacheza kwa hela. Ya pande 12 ni dadu ya ludo na sarafu: ikiangukia kichwa, ongeza 6.

Kanuni nazo ni bure. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii ulioanza mwaka 1974, una hati ya kanuni za msingi iitwayo SRD 5.1. Januari 2023, baada ya wachezaji kukasirikia mpango wa kubadilisha leseni ya zamani, kampuni inayouchapisha iliitoa hati hiyo chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake unaruhusiwa kuitafsiri, kuibadilisha, hata kuuza ulichotengeneza humo, mradi utaje ilikotoka.

Fundi Igoma
Mkuu, hiyo hati ina kurasa karibu 400. Nani atazisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka? Anayeanza mpe ukurasa mmoja.

Mimi natumia Lasers & Feelings ya John Harper, ni ya bure na kweli ni ukurasa mmoja. Ya kwake ni wafanyakazi wa chombo cha angani, mimi nimewashusha kwenye boti ya uvuvi. Kila mchezaji anachagua namba kati ya 2 na 5. Kazi za injini, nyavu na kuogelea unataka dadu itoke chini ya namba yako. Kazi za mdomo, yaani kubembeleza, kutishia, kupatana bei, unataka itoke juu. Unatupa dadu moja, ukiwa umejiandaa unaongeza ya pili, na kama ni fani yako unaongeza ya tatu. Ikitoka namba yako yenyewe umefaulu, na juu yake unamuuliza msimuliaji swali lolote, lazima akujibu ukweli.

Mfano wa juzi: doria imewafikia na nyavu za macho madogo ziko wazi kabisa. Dogo mmoja, namba yake 4, anajitetea. Katupa mbili: 5 na 2. Moja tu imefaulu, kwa hiyo wameachiwa boti ila nyavu zimekwenda. Kikao chote kilichobaki kikawa ni kumweleza tajiri nyavu zake ziko wapi. Sikuandaa chochote.

Dada wa Nyegezi
Ramani: sakafu ya vigae na chaki. Kigae kimoja ni mraba mmoja, mambo ya futi achaneni nayo. Kwenye hiyo SRD binadamu anakwenda futi 30 kwa zamu na mraba ni futi 5, basi sema miraba 6 maisha yaendelee. Wahusika ni vizibo vya soda, kama drafti: wetu vimefunuliwa, maadui vimeinamishwa. Mkimaliza, piga deki.

Mkerewe wa Nansio
Huku kisiwani kupata watu wanne siku moja ni kazi, kwa hiyo nacheza peke yangu. Ironsworn ya Shawn Tomkin, PDF yake ni ya bure, imetengenezwa na njia ya kucheza bila msimuliaji. Unatupa dadu ya pande 6, unaongeza uwezo wako, unalinganisha na dadu mbili za pande 10. Ukizishinda zote mbili umefaulu vizuri, ukishinda moja kuna gharama, ukikosa zote umeumia. Hizo za pande 10 ni karata zile zile 40 za Mla Sato, rangi usiiangalie. Ndani ya kivuko abiria wanadhani napiga ramli.

Ngosha wa Kisesa
Mnahangaika na majini ya Ulaya wakati Shing'weng'we yupo! Ni zimwi la hadithi za Kisukuma linalomeza watu na mifugo, mpaka kijana Masala Kulangwa analiua na kulipasua, watu wanatoka hai. Kwangu kumezwa si kifo. Aliyemezwa anaendelea kucheza tumboni, anakutana na waliomezwa kabla yake, anaanza kuwapanga. Wa nje wanapigana, wa ndani wanafanya mkutano. Raha yake hamjaiona.

Nina na pambano lisilo na damu. Mnajua Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma za Wasukuma, wanavyoshindana: ngoma mbili zinachezwa kwa wakati mmoja, watazamaji wanahamia inakonoga. Weka vizibo 20 katikati, ndio watu. Kila zamu kila upande unaeleza kituko chake, unatupa dadu, aliyezidi anavuta vizibo sawa na tofauti ya namba zilizotoka. Katikati vikiisha, mnanyang'anyana vya mwenzenu. Usikubali mtu aseme tu "nacheza vizuri". Aseme kafanya nini: kamtoa chatu kwenye gunia, kalala chini na ngoma tumboni. Asiyeeleza hatupi.

Dada wa Nyegezi
Hiyo ya vizibo naiiba, kaka. Swali kwa wenye wachezaji watoto: wazazi mnawaambiaje? Jirani yangu alimuuliza mwanaye kama tunamfundisha ufreemason.

Fundi Igoma
😂 Mwite akae. Mama mmoja hapa alikuja kukagua, akapewa karatasi, akachagua kuwa mchuuzi wa dagaa. Hakuna aliyeweza kupatana naye bei, hata zimwi. Na chezeni mlango wazi, maana mlango uliofungwa ndio unaoleta maneno.

Mla Sato
Kwa wenye wachezaji wavuvi: pangeni vikao siku za mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, vijana wako nchi kavu wanatafuta la kufanya. Kikao cha siku za giza utakaa na karata zako mwenyewe.

Nina karatasi ya mhusika ya Kiswahili, upande mmoja wa A4: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Mvuto, na nafasi ya mzigo. Nimeiandika kwa mkono kisha nikaipiga picha, ukitoa kopi inasomeka. Anayeitaka aseme. Ngosha, na wewe tuandikie zimwi lako: lina uhai kiasi gani, na aliyemezwa anatokaje?

Ngosha wa Kisesa
Uhai 60. Wa ndani wakikubaliana wote kusukuma upande mmoja, linatapika mmoja, na wanachagua wao nani. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.