D nne na mtoto mgongoni: Hombolo, Mpwapwa au VETA Dodoma?

GuniaMia
Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kike, kamaliza kidato cha nne mwaka juzi. Daraja la nne: C ya Kiswahili, D za Uraia, Biolojia, Jiografia na Historia. Hesabu tuiache ilivyo. Mwaka jana akajifungua, mtoto sasa ana mwaka na miezi miwili, na baba wa mtoto alishakata laini. Mzee wetu alitangulia, kwa hiyo mzigo ni wangu.

Mimi niko soko la mahindi Kibaigwa. Msimu ukikubali hela ipo, ila Januari mpaka Aprili mfuko unakuwa mweupe. Nataka chuo cha serikali, ada ya kueleweka, kisiwe mbali kiasi cha kushindwa kwenda kumwona Jumapili na kurudi. Nimesikia Hombolo kwa wale wa serikali za mitaa, nimesikia chuo cha mifugo Mpwapwa, hukohuko Mpwapwa kuna chuo cha wananchi Chisalu nikafikiria ajifunze cherehani, halafu kuna VETA, chuo cha ufundi stadi, pale Dodoma mjini. Waliosoma au wenye ndugu huko, nipeni ukweli.

AfisaKata
Hombolo nimesoma, naijua. Kwanza wewe wa Kibaigwa huna haja ya kufika mjini, unashuka Ihumwa unaingia ndani. Kutoka mjini ni kama kilomita 40, kwa hiyo ukishaingia umeingia. Hakuna cha kutoroka jioni kwenda kula chipsi Nyerere Square.

Uzuri wake ni huu: soma tangazo lolote la ajira ya mtendaji wa kijiji. Wanataka astashahada ya utawala, maendeleo ya jamii, usimamizi wa fedha na kadhalika, "kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo" au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Jina limeandikwa kabisa.

Sasa hapo ndipo wazazi wanapokosea hesabu. Tangazo linasema NTA ngazi ya 5, yaani zile ngazi za masomo ya vyuo vya kati. Mwenye cheti cha kidato cha nne anaanzia ngazi ya 4, mwaka mzima, ndipo aingie ya 5, mwaka mwingine. Mzee anauza ng'ombe wa mwaka mmoja, kijana anarudi na ngazi ya 4 mkononi, anakuta tangazo halimhusu. Panga hela ya miaka miwili au usianze. Na baada ya hapo kuna usaili. Mimi nilikwenda mara tatu ndipo nikapata.

Kijana_wa_Udom
Hivi vyuo vya vijijini mnapoteza muda. Mpeleke UDOM, chuo kikuu.

AfisaKata
Kwa D nne? Soma uzi kwanza, mkuu.

MtemiWaMbuzi
GuniaMia, mbona Kemia umeiruka kwenye orodha?

GuniaMia
F, mkuu. Fizikia hakusoma.

MtemiWaMbuzi
Basi kabla ya kutuma maombi LITA, ndicho hicho chuo cha mifugo, fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, usome sifa za kozi ya afya na uzalishaji wa mifugo mstari kwa mstari. Usimsikilize mtu wa stendi, sifa hubadilika.

Ila kama anapita, mimi ningempeleka huko nimefumba macho. Mpwapwa mifugo si habari ya ubaoni. Ng'ombe aina ya Mpwapwa alitengenezwa palepale, na kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI kipo mpaka leo. Akimaliza anaandikishwa Baraza la Veterinari, anafungua duka la dawa za mifugo. Kongwa nzima ina mbuzi na kuku wa kienyeji. Kideri cha kuku kikiingia kijijini watu wanamtafuta mwenye chanjo usiku, hawamuulizi alipata daraja la ngapi.

Kuhusu mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo ilianza kutoa kwa stashahada za fani chache, kilimo na mifugo zikiwemo. Astashahada haimo. Maana yake mwanzo wote ni wewe na magunia yako.

MamaTausi
Kaka GuniaMia, mimi nilisoma chuo cha maendeleo ya wananchi nikiwa na mtoto wa miezi tisa. Sitakitaja, na si Chisalu. Nakuandikia kwa sababu umetaja cherehani.

Hivi vyuo vilianza mwaka 1975, Mwalimu aliliona wazo lake Sweden akaona linafaa kwetu: mtu mzima aliyeachwa na shule arudi darasani bila kuulizwa alikuwa wapi. Hiyo roho bado ipo. Kuna programu inaitwa Elimu Haina Mwisho, ya wasichana walioacha shule, wengi ni mama. Unakuja na mwanao, kuna chumba cha watoto na mlezi, unasoma huku unasikia sauti yake dirishani. Saa nne unatoka unanyonyesha, unarudi. Mimi nilikuwa nimeshajifuta kwenye orodha ya watu wanaosoma.

Sasa upande wa pili. Tuliambiwa cherehani ziko 20. Tulipofika tulizikuta kweli 20, zimepangwa vizuri, zimefunikwa vitambaa. Ukifunua, sita ndizo zinashona. Nyingine mkanda umekatika, nyingine haina hata sahani ya sindano. Tulikuwa 31. Unakaa foleni asubuhi nzima upate dakika 20 za kukanyaga. Kukata kola nilijifunzia kwenye karatasi za mifuko ya saruji, maana kitambaa unajinunulia na mimi hela yote ilikuwa kwenye uji wa mtoto. Nilimaliza najua kukata kuliko kushona.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa "vifaa vipo". Nenda siku ya kazi, ingia karakana, hesabu zinazotoa sauti. Na uliza kitu kimoja ambacho mimi sikukiuliza: mwisho wa kozi wanafanya mtihani wa taifa wa ufundi stadi wapate cheti cha ngazi, au wanapewa cheti cha kuhudhuria chenye muhuri wa chuo? Vinafanana ukivitazama kwa mbali. Kimoja kinakupa kazi na kingine kinakaa kwenye fremu ukutani.

FundiNyaya
MamaTausi kamaliza kila kitu. Naongeza VETA kidogo. Nilipokuwa mimi, ada ya kozi ndefu ilikuwa 60,000 kutwa na 120,000 bweni kwa mwaka. Ukisikia hivyo unasema hii ni bure. Si bure. Ukikosa bweni unapanga mtaani, na Dodoma tangu serikali ihamie vyumba vimepanda mpaka vya Nkuhungu. Kodi, mkaa, nauli, maji ya ndoo, hivyo ndivyo vilinitoa jasho. Ada nililipa mara moja nikaisahau.

Kwa mwenye mtoto mdogo, mjini atamwachia nani? Dada wa kazi analipwa kuliko ada.

Sister_Chamwino
Fomu ya kujiunga ndiyo ada ya pili, mimi huwa naiita hivyo. Godoro, shuka mbili za rangi fulani, ndoo, jembe, fyekeo, rimu, sare, viatu vya karakana. Iombe kabla hujalipa chochote, upite nayo dukani ukiandika bei pembeni. Malipo ni kwa kontro namba tu, ile namba ya malipo ya serikali. Ukiambiwa "tuma kwenye simu ya mhasibu", geuka urudi Kibaigwa.

Halafu kaka, samahani. Posti zote hizi, yeye mwenyewe anasemaje?

GuniaMia
Yuko nyumbani. Nitamuuliza.

Kijana_wa_Udom
Hahaha, tumepanga ndoa bila bibi harusi.

GuniaMia
Nimerudi. Jana usiku nimekaa naye jikoni, nikamsomea uzi wote. Kwenye cherehani akacheka. Anasema cherehani nilimchagulia mimi, yeye hajawahi kuitaja. Anataka umeme wa majumbani.

Nikamuuliza umeutoa wapi huo umeme. Kumbe wakati nguzo za REA, wale wa umeme vijijini, zinafika kwa bibi yetu kijijini, yeye alikuwa kule na mimba, hana la kufanya, kila siku anamfuata fundi nyumba kwa nyumba anamshikia tochi darini. Kuunganishiwa ni 27,000, watu wakalipa, ila nyaya za ndani hakuna wa kufunga. Fundi mmoja vijiji vitatu. Anasema akinamama wajane walikuwa wanaogopa kumwacha mwanaume apande dari usiku, wakamwambia yeye ajifunze awe anawafungia. Mimi hayo yote sikuwa na habari nayo.

FundiNyaya
Hapo umenigusa, ndiyo kazi yangu. Akisoma umeme, lengo ni leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Bila leseni utafunga nyumba nzima vizuri, halafu fomu ya TANESCO unakwenda kumlipa fundi mwingine aigongee muhuri. Nilifanya hivyo miaka miwili, yule jamaa hakuwahi hata kuiona nyumba. Leseni inataka cheti kinachotambulika, kwa hiyo lile swali la MamaTausi kwake lina uzito mara mbili.

AfisaKata
Kwa hali hiyo hata mimi Hombolo naiondoa. Chuo ni kizuri ila si cha huyu binti. Chuo cha wananchi kwanza, kama wana umeme na wanafanyisha mtihani wa taifa wa ufundi stadi. Wakisema hapana, VETA ya bweni, na mtoto abaki kwa bibi mwaka wa kwanza.

MamaTausi
Mtoto wa mwaka na miezi miwili kumwacha si jambo dogo, kaka AfisaKata. Tusiliseme haraka hivyo.

AfisaKata
Sawa dada, nimekuelewa.

GuniaMia
Jumanne tunakwenda Mpwapwa wote watatu. Nimeandika kwenye karatasi: umeme upo au haupo, mtihani ni wa nani, mita na waya za kufanyia mazoezi ni ngapi, fomu ya kujiunga, malezi ya watoto. Chuo cha mifugo nitapita pia nikiwa hukohuko, nina mdogo mwingine yuko kidato cha tatu na Kemia anaiweza.

MamaTausi
Mtoto mbebeni, msimwache nyumbani. Mkifika getini angalieni mlinzi anavyomtazama. Mimi pale kwetu mlinzi alimpokea mwanangu kabla hajapokea begi.

Sister_Chamwino
Tokeni alfajiri. Mkichelewa njia panda ya Mbande, gari za Mpwapwa zinakuja zimejaa, mtasimama na mtoto.