Mjadala: Starfield ilituangusha kwa sababu gani hasa, matarajio yetu au ujenzi wake?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila gemu kubwa ya dunia wazi, zile unazoachiwa ramani nzima uzurure utakavyo, ikitoka na watu wakaanza kununa, maelezo huwa yale yale mawili. Ama studio ilikurupuka ikaitoa mbichi, ama wachezaji walijijaza matumaini wenyewe. Mimi naleta hoja ya tatu, na mfano wangu ni Starfield, gemu ya kusafiri angani, kwa sababu pale maelezo yote mawili yanagonga mwamba.

Kwa ambao hawakuifuatilia: studio ya Bethesda, wale wale wa gemu ya Skyrim, waliitangaza 2018. Microsoft akanunua kampuni mama yao kwa dola bilioni 7.5, na gemu hii ikawa ndiyo ya kuuzia Xbox. Ilikuwa itoke tarehe 11 Novemba 2022, ikasogezwa, ikatoka 6 Septemba 2023. Todd Howard, bosi wa mradi, alishatangaza sayari zaidi ya 1,000 za kutua na kuzichunguza. Wahakiki wengi wakaipa alama zaidi ya 80 kwa 100, na kabla mwezi haujaisha wachezaji wakapita milioni 10. Haikutoka mbovu pia. Kwa viwango vya Bethesda, ambao tumewazoea kwa farasi wanaopanda ukuta, hii ilikuwa safi. Lakini kufika mwisho wa mwaka ule ule maoni mapya kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, yalikuwa yameelemea upande wa lawama, na kwenye orodha ya wanaowania gemu bora ya mwaka haikuwemo. Kilitokea nini?

Nasema hivi: waliondoa njia.

Skyrim unatoka kijiji cha Riverwood unakwenda Whiterun. Misheni inakwambia nenda mjini, basi. Lakini kule juu mlimani unaona magofu, unajiuliza pale kuna nini. Unashuka bonde, karibu na mji unakuta watu wanapigana na jitu shambani. Hujafika unakokwenda na tayari una mambo matatu kichwani ambayo hakuna aliyekutuma. Ni kama basi la Dar kwenda Mbeya: tembo wa Mikumi hawamo kwenye tiketi, ila ndio utakaowasimulia nyumbani.

Sasa njoo Starfield. Uko mji wa New Atlantis, unataka kwenda mji wa Akila City kwenye nyota nyingine. Unafungua ramani ya nyota, unachagua nyota, unabonyeza na kushikilia. Chombo kinaonyeshwa kikiruka, skrini inakuwa nyeusi. Umefika anga ya huko. Unafungua ramani tena, unachagua pa kutua, kinaonyeshwa kikitua, nyeusi tena. Unatoka mlangoni, nyeusi. Rubani ni wewe, ila hakuna siku hata moja utakayotua kwa mkono wako. Kati ya mji na mji hakuna kitu cha kukupotezea njia, kwa sababu njia yenyewe haipo. Kuna menyu.

Ukishatua kwenye sayari ya pembeni, kompyuta imekutandikia kipande cha ardhi na kukumwagia majengo juu yake kutoka kwenye akiba. Hapo ndipo gemu inapojiumbua. Waliocheza wanaijua ile maabara ya barafu iliyotelekezwa. Unaingia, wahuni wako ndani, unasafisha, unasoma ujumbe wa wafanyakazi waliokufa, roho inakuuma kidogo. Baadaye uko sayari nyingine, mfumo mwingine wa nyota, unakuta mlango ule ule. Ndani maiti ni ile ile, imelala pale pale, ujumbe ni ule ule neno kwa neno. Kuanzia siku hiyo, jengo lolote utakaloliona kwa mbali hulitamani tena, unalikagua tu kama ni lile.

Linganisheni na wawili waliotukanwa kuliko hii. Cyberpunk 2077 ilitoka 10 Desemba 2020 ikiwa imeoza kwenye PS4, Sony wakaiondoa dukani kwao baada ya wiki moja. No Man's Sky, Agosti 2016, ilitolewa na timu ndogo ya Uingereza iliyozungumzia kukutana na wenzako angani. Wachezaji wawili wakapanga wakafika sehemu moja, hawakuonana. Leo zote mbili zinasifiwa. Kwa nini? Kwa sababu mji wa Night City ulikuwa mji kweli, kona hadi kona, kilichooza kilikuwa juu yake. Na No Man's Sky toka siku ya kwanza ungeweza kunyanyuka ardhini ukaenda sayari nyingine bila kukatishwa. Ubovu hurekebishwa. Ujenzi ukikosea, hakuna sasisho la GB ngapi litakalokuokoa.

Naomba kuwasilisha. Mbishe.

Mchangiaji 1, Dodoma

Mkuu umeandika vizuri ila unailaumu bahari kwa kuwa na maji. Anga ni tupu. Gemu ilijipambanua kuwa ya anga ya kweli kweli, si ya katuni. Bethesda wenyewe walipojibu malalamiko kule Steam walikumbusha kwamba wanaanga walipofika mwezini hakukuwa na kitu, na kwa hakika hawakuboreka. Mlitaka Skyrim yenye roketi, mkapewa kitu kingine, mkanuna. Hayo ni matarajio yenu.

Mleta mada

Mkuu, ningeikubali hoja hiyo kama sayari zingekuwa tupu kweli. Hazikuwa. Jaribu kutua popote, hata sayari unayoambiwa wewe ndiye unayeichunguza: mbele yako kama kilomita moja kuna kiwanda, kulia kuna kambi, na chombo cha mtu mwingine kinatua huku unakiona. Upweke wa mwezini haupo. Msongamano wa mjini nao haupo. Wangethubutu kukuacha peke yako ukasikia pumzi yako tu, labda leo tungekuwa tunabishana kingine.

Halafu wale wanaanga walikwenda na gari kuanzia Apollo 15. Starfield gari limekuja Agosti 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Muda wote huo tulikuwa tunakimbia kwa miguu huku oksijeni inakwisha.

Mchangiaji 2

Naandika programu kwa kazi, ingawa si za gemu. Hizo skrini nyeusi mnazozilaani zina sababu. Gemu za Bethesda zinakumbuka kila kitu. Ukidondosha kikombe sakafuni leo, ukirudi baadaye kipo pale ulipokiacha. Kuna mchezaji alijaza viazi maelfu chumbani ndani ya chombo, akafungua mlango, vikamwagika kimoja kimoja kama mzigo uliopasuka. Gemu chache sana zinaweza hivyo. Sasa kompyuta inayobeba kumbukumbu ya kila kiazi lazima ikatekate dunia vipande, na kila ukivuka kipande inapumua. Walichagua. Kwenye Skyrim uchaguzi huo haukuuma kwa sababu kipande cha nje kilikuwa nchi nzima. Angani kila kitu ni kipande.

Kwa hiyo nakubaliana na mleta mada nusu. Kosa halikuwa uvivu. Waliipeleka mashine nzuri kwenye kazi isiyo yake.

Mchangiaji 3, Nairobi

Mimi nitatoka nje ya Starfield kidogo, mtanisamehe. Sisi tuliokulia kwa gemu ya GTA San Andreas, PS2 ya mtaani unalipia kwa dakika, tuliapa ile ramani haina mwisho. Ukitoka mji wa Los Santos kwenda San Fierro usiku, ukungu umetanda, redio inapiga, mbele huoni kitu, ulijisikia uko safarini bana. Basi Novemba 2021 wakatoa ile mpya iliyong'arishwa, na ukungu wakautoa. Ukipanda na ndege unaona miji yote imebanana, Mlima Chiliad uko hapo tu nyuma ya nyumba. Ramani ni ile ile, hawakupunguza hata barabara moja. Watu waliumia.

Ukubwa kumbe ulikuwa kazi ya kona za barabara na ukungu. Sasa studio za leo zinapigana kwa kilomita za mraba na idadi ya sayari kwenye tangazo, na ukiingia ndani unapewa ramani yenye vialama mia vya kufuta. Hilo studio ya Ubisoft walitufundisha miaka, panda mnara, funua vialama, futa, panda mwingine. Kisha Elden Ring ya 2022 ikaja na vialama vichache sana, watu wakapotea wakafurahi. Kwa hiyo si Starfield peke yake. Ni biashara nzima imekosea kitu cha kuhesabu.

Mchangiaji 4, Mwanza

Nyie mnachekesha. Mtu anacheza saa 150 halafu anaandika "gemu mbovu, msinunue". Saa 150! Mimi nimejenga vyombo vyangu pale kipande kwa kipande, injini, chumba cha marubani, mizinga, nimepaka rangi za timu yangu, hakuna gemu nyingine iliyonipa hilo. Hata sikufuata hadithi. Na ile njia waliyotumia ya kuanza upya, kwamba unaingia ulimwengu mwingine na wale wale watu hawakujui, ni akili kubwa. Wachezaji wa Steam wenyewe waliipigia kura ikapata tuzo ya ubunifu wa uchezaji mwaka 2023.

Mleta mada

Hiyo kura mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa kejeli, mkuu, ila ujenzi wa vyombo siugusi. Ni wa hali ya juu. Ndiyo maana inauma: unakesha unajenga chombo, kisha kazi yake ni kuonyeshwa kikiruka.

Kuhusu saa 150. Marudio yanahitaji muda ili yajitokeze. Mhakiki anakimbizana na tarehe, anafuata hadithi kuu, anakutana na ile maabara mara moja, anaandika "dunia imejaa siri". Hakudanganya. Mchezaji aliyelipa dola 70 na kupakua GB zaidi ya mia moja kwa bando la kuungaunga anakaa nayo miezi, na yeye ndiye anayekutana na maiti ile ile mara ya tatu. Hasira ya mtu wa saa 150 ina uzito kuliko ya mtu wa saa mbili, kwa sababu alikaa akingoja gemu ijilipe.

Mchangiaji 5

Mbona hakuna anayegusa Shattered Space, ile nyongeza ya Starfield? Ilitoka 30 Septemba 2024. Sayari moja, imetengenezwa kwa mkono, mji wa Dazra, unatembea kwa miguu unaona vitu kwa mbali unavifuata. Yaani dawa yote aliyoiandika mleta mada. Na bado Steam waliisema vibaya. Kama tatizo lilikuwa njia, mbona njia iliporudi watu hawakurudi?

Mimi nasema tatizo ni watu wa mle ndani. Angalia wenzako wakuu wa Constellation, lile kundi la wachunguzi unalojiunga nalo: Sarah, Sam, Barrett, Andreja. Wote ni watu wema. Ukiiba, wananuna. Ukiua asiye na hatia, wanakuhubiria. Umekwenda nyota za mbali na watu wanne wenye maadili yale yale, wakikusimanga kwa sauti nne tofauti. Neon inasemekana ni mji wa uovu, unafika unakuta klabu yenye wacheza dansi waliovaa kama vipindi vya watoto. Dunia haina hatari, haina kishawishi. Hata ungeniwekea barabara ya lami kutoka nyota hadi nyota, ningekutana na nani?

Mleta mada

Shattered Space iliuzwa dola 30 na ilikuwa fupi, kwa hiyo sehemu ya hasira ni bei. Lakini swali lako la mwisho lina meno, na Neon sina utetezi nayo, ile klabu niliingia mara moja tu.

Ninachokataa ni kuyatenganisha. Skyrim nayo ilikuwa na wenzako wakavu tu. Lydia, msaidizi wako wa mle, ana sentensi chache na watu wanamkumbuka mpaka leo, kwa sababu alibeba mizigo yako mlimani kwenye theluji, akakuzibia mlango pangoni, akafa kijinga darajani ukarudisha gemu nyuma kumwokoa. Yote hayo yalitokea njiani. Sarah Morgan ameandikiwa maneno mara kumi zaidi na nimemjua kwenye viti vya chombo, tukisubiri skrini nyeusi iishe. Mwandishi angemfanya jambazi, bado tungekuwa tumekaa pale pale. Nani alicheza Shattered Space mpaka mwisho kwa miguu, bila kusafiri kwa ramani hata mara moja? Huyo ndiye ningependa kumsikia.