Tupeane uzoefu: hatua gani iliyokutoa jasho ndiyo iliyokuza biashara yako?

Mwanzisha uzi
Wakuu, salaam. Kila siku tunaambiwa "thubutu", ila anayekuambia hivyo si yeye atakayelipa deni. Mimi naona mambo mawili yanachanganywa: hatari ya kupoteza mtaji, na karaha tu ya kufanya jambo unalolikwepa. La kwanza lipigie hesabu, la pili meza tu kama dawa.

Langu ni hili. Nachapisha mabango na vitabu vya risiti. Mkopo wa mashine haukunitisha kama kupandisha bei kwa wateja wa zamani. Naandika ujumbe, nafuta, naandika tena. Mwishowe nikapiga simu kwa mmoja mmoja. Yule mkubwa, mwenye kelele nyingi, akahama siku ileile. Wengi waliobaki waliuliza tu: "Kuanzia lini?"

Hesabu iliyonipa moyo: kama faida yako ni asilimia 20 ya bei, ukipandisha bei kwa asilimia 10 unaweza kupoteza theluthi moja ya kazi na jumla ya faida ya kazi zako ikabaki palepale. Na jasho linapungua. Haya, tiririkeni.

Fundi Cherehani
Nakazia. Kwangu ilikuwa kumwachia kijana mkasi. Kushona alikuwa anashona vizuri, ila kukata nilikata mwenyewe, kwa hiyo oda zote zilinisubiri mimi, hata nikiumwa. Siku ya kwanza anakata kitambaa cha mteja nilisimama nyuma yake mikono nimeifunga kifuani ili nisimpokonye. Kabla ya hapo alikata sana vitambaa vya bei rahisi, na nilikuwa nimetenga hela ya kufidia akiharibu. Aliharibu, tukafidia, maisha yakaendelea. Leo mimi ndiye natafuta wateja.

Msambazaji
Mimi nawaonya kuhusu oda kubwa. Mteja anataka kulipa baada ya siku 60, anayekuuzia mzigo anataka chake ndani ya siku 14. Hizo siku 46 katikati unaziziba na nini? Kwenye daftari una faida, mfukoni huna hata nauli. Biashara inaweza kufa huku inauza sana.

Nilichofanya ni kuomba nusu ya malipo kabla ya kuagiza mzigo. Nilitaja, nikanyamaza. Kimya cha kwenye simu kile, nilitamani nijirudi niseme "basi hata robo". Nikakaza. Akakubali, kumbe alikuwa anatafuta kalamu tu.

Mzee wa Taratibu
Naomba kutofautiana kidogo. Hizi nyuzi huchangiwa na walionusurika. Inasimuliwa kwamba Fred Smith, mwanzilishi wa FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege, ilipokaribia kuishiwa hela alichukua dola 5,000 zilizobaki akaenda kucheza karata Las Vegas, akarudi na karibu dola 27,000 za kulipia mafuta ya ndege. Watu wanaisimulia kama ushujaa. Waliofanya vilevile wakaliwa, nani anawahoji?

Benki ilitaka hati ya nyumba yangu nikakataa. Nimekua polepole, kwa faida ninayoirudisha dukani, na wenzangu wamenipita. Sawa tu. Wanangu wanalala pazuri.

Mwanzisha uzi
Mzee, hapo hatupingani. Nyumba ni hatari, bei ilikuwa aibu tu. Ila hata kukaa palepale kuna gharama: mhandisi wa Kodak, kampuni iliyouza filamu za kupigia picha, alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, kampuni ikaendelea kung'ang'ania filamu, na mwaka 2012 ikaomba kinga ya mufilisi, yaani mahakama iikinge na wanaoidai.

Mgeni Jukwaani
Wakubwa, mimi bado moyo unanienda mbio nikimpigia mteja nisiyemjua. Mlizoeaje?

Msambazaji
Hatujazoea, mdogo wangu. Mimi huanza na yule ninayejua kabisa atakataa. Akishakataa, wa pili namuongelesha vizuri.