Mrejesho: seli (betri) ya zinki iliyokuwa inaisha nguvu mapema

Wakuu, niliuliza kwa nini seli yangu ya zinki na manganizi dioksaidi inapungua nguvu kila nikiichaji upya. Mlinishauri nitie manganizi salfeti kidogo. Nimetia moli 0.1 kwa lita kwenye maji ya seli, yenye zinki salfeti ya moli 2 kwa lita, na sasa inashika chaji vizuri mno! Kumbe manganizi ilikuwa inayeyuka kutoka kwenye elektrodi (nguzo ya seli). Ikiwemo tayari majini, uyeyukaji unapungua. Kipimo hichohicho watafiti wa Marekani walikichapisha mwaka 2016, seli yao ikafika mizunguko 5,000 ya kuchajiwa na kutumika.

Kilichobaki ni miiba ya zinki inayoota ndani ya seli ikichajiwa. Jana nilifungua seli moja, nikakuta kitenganishi (utando unaotenga nguzo mbili) kimetobolewa nayo. Hapo bado nahangaika. Asanteni sana, hasa aliyenikataza kutumia maji ya bomba kwenye seli.